Gamela ya mtoto wa materneli



Tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa pesa ya likelemba tulinunua gamela za inox kwa watoto wetu wote, wakubwa kwa wadogo, zenye kifuniko cha kubana kwa klipu pembeni. Zilikuwa zinang'aa, tukaona fahari. Tukasema: sashe zimekwisha nyumbani mwetu.

Juma la kwanza la masomo, mtoto mmoja wa miaka 3 alirudi na mkate wake wote na yai lake. Kesho yake vilevile. Mama yake alidhani ni homa, akamshika paji la uso, akamwuliza kama kuna mtoto anayempiga. Siku ya tatu ndipo akasema: “Mama, inakatala kufunguka.” Aliona haya kumwomba mwalimu, na mwalimu mwenyewe ana watoto wengi mno. Siku tatu za njaa, chakula kiko mapajani!

Basi sasa tunaangalia vidole kwanza. Hata kama muuzaji wa soko la Kenya ananuna, mpeni mtoto mwenyewe afungue na kufunga mara tatu mbele yenu. Akishindwa, rudisheni.

Sashe tulikuwa na sababu ya kuziacha. Dekree ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza nchini mwetu kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki, lakini kila mvua inatuonyesha zilizoziba mifereji, na maji yanatuingilia uani. Watoto 4, sashe 1 kila mmoja kwa siku: kwa siku 5 tu ni sashe 20, nyumba moja.

Inox haina ubaya. Haishiki harufu ya samaki, inadumu, mdogo anairithi kwa mkubwa. Chagueni tu ile ya kifuniko chepesi. Na asiye na pesa asiingie deni kwa ajili ya gamela. Kopo la margarini lililooshwa vizuri linatosha kwa viazi vitamu au karanga, mradi chakula kimepoa. Likikwaruzika ndani, litoeni kwenye chakula, liwe la vifungo vya nguo.

Kwa mkate na mandazi, kipande cha kitenge cha zamani kilichopindwa ukingo ndicho tunachokipenda kuliko vyote. Shoneni viwili, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kiko kazini. Bibi zetu walifunga chakula kwa majani ya mgomba, na hakuna aliyewauzia.

Jambo moja tu tunawaomba sana: msimpe mtoto kibakuli cha alumini kilichoyeyushwa mtaani kutokana na vyuma chakavu. Mwaka 2014 watafiti waliopima masufuria ya namna hiyo kutoka Cameroon walikuta yanaachia risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Chakula chenye tomati au ndimu ndicho kinachoitoa zaidi. Katika mji wa migodi kama wetu, vumbi peke yake linatutosha.

Zile gamela za klipu wanazo sasa watoto wa darasa la nne na la tano. Yule mdogo anabeba kitenge chake cha buluu, fundo moja tu. Kinarudi na makombo ya mkate, na mara nyingine na ganda la ndizi ambayo sisi hatukumpa.