Maoni: Mila ya zawadi isiwe pazia la rushwa, Korea ya Kusini inatufundisha

Mfanyabiashara wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi akialikwa mezani na wenzake wa Seoul, hatajisikia mgeni sana. Mkorea anatoa zawadi kwa mikono miwili, na anayepokea anaipokea kwa mikono miwili vilevile. Kwetu pia, mtoto anayepokea kitu cha mkubwa kwa mkono wa kushoto anagombezwa palepale.

Kuna mambo mengine ambayo mgeni anapaswa kujua kabla ya kufika. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, ili mtu yeyote asione haya. Mpokeaji anaweza kukataa mara moja ao mbili kwa heshima, na aliyeileta anaendelea kumsihi. Vitu vinne havitolewi, kwa sababu neno lao la nne, « sa », linasikika sawa na neno la kifo. Kisu ao makasi yanaonyesha kwamba unataka kukata urafiki. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Na katika kikundi, mkubwa ndiye anayepewa wa kwanza, tena asipewe kitu kidogo kuliko wadogo wake.

Mila hizi ni nzuri, zinalinda heshima. Lakini mila inasema namna ya kutoa, haisemi mwisho wa bei. Na mlango huo ndio rushwa ilipitia.

Wakorea wana neno « chonji », maana yake ni shukrani ndogo kutoka moyoni. Kwa miaka mingi, neno hilo zuri lilifunika bahasha za pesa ambazo wazazi waliwapelekea walimu, na ambazo wakubwa waliwapa waandishi wa habari. Kila mtu alijua. Lakini nani angemkatalia mwenzake shukrani?

Jibu lilitoka kwa mwanamke mmoja, Kim Young-ran, aliyekuwa jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama Kuu ya Korea ya Kusini, kisha kiongozi wa tume ya kupambana na rushwa. Sheria aliyoipendekeza, ambayo raia wanaiita kwa jina lake, ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 2016. Sheria hiyo haikufuta zawadi, iliiwekea bei. Wakati ule mlo haukuruhusiwa kupita won 30.000, yaani takriban dolare 27 za wakati ule. Zawadi isipite won 50.000. Mchango wa ndoa ao wa matanga haukuruhusiwa wakati ule kupita won 100.000. Na anayepokea zaidi ya won milioni moja kwa mara moja anaweza kufungwa hata miaka mitatu, hata kama hakuna anayeonyesha kwamba alitoa kitu kama malipo.

Inawagusa wafanyakazi wa serikali, walimu na waandishi wa habari. Kwa mwalimu anayefundisha na kutoa pointi, hata kiasi kile kidogo hakiruhusiwi: siku ya walimu, tarehe 15 Mei, mwanafunzi mmoja mmoja hawezi kumpa hata ua. Mwakilishi wa wanafunzi analitoa mbele ya wote.

Wengi walilalamika. Wafugaji wa ng'ombe na wauza maua walisema sheria inawaua njaa, kwani zawadi za sikukuu ya mavuno, Chuseok, ndizo zinazowalisha. Serikali iliwasikiliza: mwaka 2018 zawadi za mazao ya shamba ziliruhusiwa kufikia won 100.000. Bei ilibadilishwa, lakini haikuondolewa.

Je, rushwa ilikwisha? Hapana. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba farasi watatu ambao Samsung iliwatoa kwa ajili ya binti wa rafiki wa rais Park Geun-hye walikuwa rushwa. Hata hivyo, mtu mdogo wa biro alipata silaha ambayo hakuwa nayo mbele: anaweza kusema « sheria hainiruhusu » bila kumvunjia heshima anayemletea kasha.

Kwetu je? Tuna matabishi, tuna « ya sukari kidogo », na sisi waandishi wa habari tuna coupage. Tuseme ukweli, hizi ni chonji zetu. Kila mara tunajitetea kwamba Mwafrika haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Lakini babu zetu walipeleka kuku na ndizi mchana, majirani wakiona. Hawakuingiza bahasha chini ya dosie.

Wengine watajibu kwamba mshahara haufiki, na ukifika hautoshi. Ni kweli, na serikali inadaiwa hilo. Lakini anayelipa deni hilo leo ni mama asiyekuwa na bahasha: dosie yake inabaki chini ya zingine, na mtoto wake anakosa pointi.

Sheria ya kuadhibu rushwa tunayo tangu tarehe 29 Machi 2005. Tunachohitaji sasa ni kiasi ambacho kila raia anakijua kwa kichwa, kilichobandikwa kwenye mlango wa kila biro na kila shule: zawadi mwisho franka kadhaa, na kwa mwenye kushika dosie yako ao pointi za mtoto wako, hakuna kitu. Wabunge wetu wanaweza kuandika hilo katika ukurasa mmoja.

Zawadi ya kweli haiogopi kutajwa bei mbele ya watu. Ile inayoogopa, hata ukiitoa kwa mikono miwili, si zawadi.