Mashine isiwe hakimu wa wanafunzi wetu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga walipotaka kutukumbusha kwamba kazi njema haizuki yenyewe, bali hutokana na jasho la mtu. Siku hizi, kila niketipo kusahihisha kazi za wanafunzi wangu, methali hiyo hunijia kwa sura ya swali: vimeundwa, naam, lakini vimeundwa na nani?

Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha humu nchini. Muhula uliopita nilipokea kazi za wanafunzi wapatao 200 wa mwaka wa tatu. Kwa mujibu wa utaratibu tuliowekewa, kila kazi hupitishwa kwanza katika programu ya tarakilishi inayodai kuwa na uwezo wa kutambua maandishi yaliyotungwa na akili unde, yaani zile mashine ziandikazo mfano wa binadamu, ambazo zilienea mno baada ya ChatGPT kuzinduliwa mnamo Novemba 2022. Kazi ya binti mmoja ilirudi na hukumu ya asilimia 83. Nilikuwa nimechoka, na rundo lilikuwa bado kubwa mbele yangu. Nikaandika sufuri kwa kalamu nyekundu, nikaendelea.

Siku mbili baadaye binti huyo alibisha mlangoni mwa afisi yangu. Hakuja kwa kelele. Alikuwa na daftari lililojaa mwandiko wake, mistari imefutwa na kuandikwa upya. Nilimtaka anieleze ni kwa nini alikuwa amepinga hoja ya msomi mmoja aliyemnukuu katika ukurasa wa pili. Akanieleza, tena kwa ufasaha kuliko alivyoandika. Niliifuta ile sufuri mbele ya macho yake. Alipokuwa akiondoka, aligeuka akasema, "Asante, Mwalimu. Mimi nimethubutu kuja. Je, wale wanaoona haya?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Kesho yake nilimwita kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa imepewa asilimia 4 pekee, yaani safi kama maji ya mtungi. Hakuweza kunieleza maana ya istilahi tatu alizozitumia mwenyewe. Hatimaye alikiri kwamba aliandikiwa na mashine, kisha akabadilisha maneno hapa na pale ili asinaswe. Kwa hivyo, mashine ilikuwa imemhukumu asiye na hatia na kumwachilia mwenye hatia, nami nilikuwa nimetia sahihi hukumu zote mbili.

Huenda msomaji akadhani kwamba hiyo ilikuwa ajali ya siku moja. La hasha! Mnamo mwaka wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Insha 89 kati ya hizo 91 zilituhumiwa na angalau programu moja. Ilhali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote bila ya shida.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kwa kawaida, programu hizi hupima jinsi maneno yanavyofuatana. Yakifuatana kwa namna inayotabirika, mwandishi hutiliwa shaka. Sasa mtazame mtoto wa Kenya. Nyumbani huzungumza lugha ya mama, sokoni Kiswahili, na Kiingereza huja kukipata darasani, kikiwa kimenyooshwa kwa rula. Tangu shule ya msingi amefundishwa kwamba insha bora ni ile yenye utangulizi, mwili na hitimisho, na sentensi zisizo na doa. Alipewa alama kwa kuandika hivyo. Leo anafika chuo kikuu, tunamwadhibu kwa kuandika hivyo hivyo.

Isitoshe, hata kampuni iliyoiunda ChatGPT ilishindwa na kazi hii. Mnamo Januari 2023, OpenAI ilitoa chombo chake cha kutambua maandishi ya mashine. Yenyewe ilikiri kwamba chombo hicho kiliweza kunasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba kiliyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Mwezi wa Julai mwaka huo huo ikakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Katika darasa langu la wanafunzi 200, kosa la asilimia 9 lingekuwa na maana ya watu 18 wasio na hatia.

Simaanishi kwamba udanganyifu haupo. Upo, tena ulikuwapo kabla ya mashine. Si siri kwamba kwa miaka mingi vijana wetu wenye shahada, kwa kukosa ajira, wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao kwa malipo. Biashara hiyo ilikua hata Uingereza ikapitisha sheria mnamo mwaka wa 2022 ya kuwaadhibu wanaouza huduma hizo kwa wanafunzi wa vyuo vya England. Kazi hizo ziliandikwa na binadamu halisi, na hakuna kipimo cha akili unde ambacho kingezinasa. Mwalimu aliyemjua mwanafunzi wake ndiye pekee angeweza kung'amua kwamba sauti ile si yake.

Aidha, ni vyema tukumbuke kwamba nchi hii ina sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki katika maamuzi ya kiutawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale anapoathiriwa. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotokana na mashine pekee. Sijui ni kamati gani ya nidhamu itakayosimama mbele ya jaji na kusema kwamba ushahidi wake ni asilimia 83.

Sisi wahadhiri nasi tusijifanye malaika. Wapo miongoni mwetu wanaotunga maswali ya mitihani kwa mashine hizi hizi, na wengine huzitumia kusahihishia. Nyani haoni kundule. Iwapo mwanafunzi ataulizwa kazi yake imeundwa na nani, naye ana haki ya kuuliza alama zake zimetolewa na nani.

Tufanyeje basi? Kwanza, kila chuo kieleze kwa maandishi, mwanzoni mwa muhula, ni matumizi gani ya mashine yanayokubalika na ni yapi yaliyopigwa marufuku. Pili, asilimia ya programu iwe sababu ya kuuliza, isiwe sababu ya kuadhibu. Tatu, mwanafunzi anayeshukiwa aitwe, asailiwe kwa dakika kumi kuhusu kazi yake, na alete rasimu zake. Nne, sehemu ya kazi iandikwe darasani, mbele ya mwalimu.

Najua gharama ya ushauri huu. Dakika kumi kwa kila mmoja wa wanafunzi wangu 200 ni zaidi ya saa 33, na wenzangu wa vibarua, wanaofundisha katika vyuo viwili au vitatu, hawana saa hizo. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Tumekimbilia mashine si kwa sababu ni mwadilifu kuliko sisi, bali kwa sababu madarasa yamefurika na walimu ni wachache. Vyuo vilivyo tayari kulipia programu viwe tayari pia kuwalipa watu wa kuwasikiliza wanafunzi.

Kwa upande wangu, nimekwisha kuamua. Muhula huu sitaandika sufuri kwa neno la mashine. Yeyote nitakayemshuku nitamwita mimi mwenyewe, asije akangoja hadi apate ujasiri wa kubisha mlangoni mwangu.