Mtoto akitaka kupiga mbizi Zanzibar: aanzie ufukweni au kwenye boti?

Likizo ikikaribia, familia inayopanga safari ya Unguja huwa na mtoto mmoja ambaye ameshaona video za kasa na samaki wa rangi, na anataka kwenda chini kuwaona mwenyewe. Mzazi akikubali, anaulizwa: mnaingilia ufukweni au mnapanda boti? Wengi huangalia bei. Bei ni kipimo kibovu hapa, maana watakaobeba matokeo ni masikio, mapafu na tumbo la mtoto.

Kwanza umri. PADI, moja ya taasisi kubwa za mafunzo haya duniani, haitoi cheti kwa mtoto aliye chini ya miaka 10. Mwenye miaka 10 au 11 haruhusiwi kupita kina cha mita 12, tena awe na mwalimu au mzazi mwenye cheti. Ukiambiwa "huyu ni mrefu, ataweza tu", ondoka hapo.

Ufukweni kuna faida kubwa moja: mtoto anaingia polepole. Maji yanamfika kiunoni, kifuani, anazoea kupumua kwa mdomo, na akiogopa anasimama na kutoka. Masikio nayo yanapata muda. Hewa iliyo ndani ya sikio hubanwa kwa kasi zaidi katika mita chache za mwanzo, na mirija inayounganisha sikio na koo kwa mtoto ni myembamba kuliko ya mtu mzima. Anatakiwa kubana pua na kupuliza taratibu kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, anapanda kidogo, halazimishi. Mwenye mafua asiingie kabisa, hata kama pesa imeshalipwa. Hapa ndipo wazazi hushindwa, kwa sababu pesa yenyewe hairudi.

Tatizo ni kwamba ufukwe wa Unguja haufanani kila upande. Paje, Jambiani na Matemwe, maji yakipwa bahari hukimbia mbali sana na kuacha mchanga, majani na miamba. Wakati wa bamvu, tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika karibu mita 4. Kumtembeza mtoto huko na mtungi mgongoni, juu ya matumbawe na wanyama wa miiba mirefu myeusi, ni kumchosha na kumuumiza kabla hajaona samaki hata mmoja. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii mbali hivyo. Kokote mtakakokuwa, muulize mwalimu saa ya maji kujaa kabla ya kuuliza bei.

Ndiyo maana safari nyingi za Unguja ni za boti: Mnemba kwa wanaokaa kaskazini na mashariki, Bawe na miamba ya jirani kwa wanaotoka Mji Mkongwe. Boti inakufikisha penye matumbawe mazuri bila kutembea na mzigo. Lakini watoto kati ya miaka 2 na 12 ndio hasa wanaosumbuliwa na kichefuchefu cha safari, na msimu wa kusi bahari huchafuka. Dawa nyingi za kichefuchefu huleta usingizi, na mtoto mwenye usingizi hafai kuwa chini ya maji. Usimpe bila kumuuliza daktari.

Kwenye boti angalia mambo ambayo matangazo hayasemi. Je, kuna oksijeni ya dharura? Majaketi ya kuokolea yanawatosha watoto? Nani anahesabu watu kabla injini haijawashwa? Mwaka 1998 huko Australia, mke na mume Wamarekani waliachwa baharini na boti iliyowapeleka kupiga mbizi. Ilichukua siku mbili kabla ya kugundulika kwamba hawakurudi.

Kwa mtoto wa mara ya kwanza, uamuzi wenye busara ni bwawa au maji mafupi ya ufukweni yaliyotulia siku ya kwanza, kisha boti ya safari fupi akitaka yeye, siyo akitaka baba. Kote huko kanuni moja haibadiliki: asizuie pumzi wakati wa kupanda. Hewa aliyovuta kwenye mtungi akiwa mita 10 chini hutanuka mara mbili akifika juu, na pafu linaweza kupasuka. Anayepaniki ndiye anayezuia pumzi, kwa hiyo mtoto mwenye hofu asisukumwe.

Fomu ya afya nayo isijazwe "hapana, hapana, hapana" ili foleni isogee. Pumu, kifafa, matatizo ya moyo na upasuaji wa sikio vinahitaji daktari kwanza. Mama mjamzito asipige mbizi kabisa. Kwa familia kama hiyo kuna Chumbe, hifadhi inayolindwa tangu miaka ya 1990, ambako wageni huogelea juu ya matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia tu, bila mtungi.

Kisha safari ya kurudi. Baada ya kupiga mbizi mara moja, ushauri ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na angalau saa 18 kama mmerudia, ili naitrojeni iliyobaki mwilini itoke. Boti ya kwenda Dar es Salaam haina shida hiyo, ipo usawa wa bahari. Basi la kwenda Arusha au Iringa linayo: miji hiyo iko zaidi ya mita 1,300 juu, na mwili haujali kama umepandishwa kwa ndege au kwa barabara. Mbizi ya mwisho iwe siku moja kamili kabla ya safari hiyo.