USIIFANYE IMANI YAKO KUWA KORBANI

Neno la leo litakuchoma kidogo, lakini lisome mpaka mwisho.

Kuna binti Mkatoliki hapa Adu. Wazazi wake walitalikiana mahakamani. Sasa mama yake ameposwa na Mwislamu wa Malindi, na siku ya nikaha imekaribia. Binti akatuuliza: niende au nisiende? Na ninyi, watu wangu wa maombi, mkamjibu mbiombio: "Mkatae mama huyo. Usikanyage kwake tena. Halafu hamia kwetu."

Mpendwa, jibu hilo halikutoka kwa Roho Mtakatifu.

Kanisa lake linafundisha kwamba talaka ya mahakama haivunji ndoa iliyofungwa kanisani. Mpaka mahakama ya Kanisa itamke kuwa ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo, ndoa ya pili haitambuliwi. Dhamiri ikimzuia kuketi kwenye sherehe, asiketi, na mtu asimlazimishe. Yesu naye, katika Marko 10, hakuichukua talaka kama mchezo.

Lakini kukosa sherehe ni jambo moja, kumkana mama ni jingine kabisa!

Fungua Marko 7:9-13. Watu walitangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu wa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Yesu aliwaita wanafiki, kwa sababu walijificha nyuma ya madhabahu kuikwepa amri. Amri ya kuwaheshimu baba na mama sisi tunaihesabu ya tano, Wakatoliki wanaihesabu ya nne, lakini ni ile ile. Na haina sharti kwamba mzazi asali kama wewe, wala kwamba ndoa yake ikupendeze.

Hata Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisema waliotalikiana na kuingia ndoa mpya hawajatengwa na Kanisa. Kama Kanisa la binti halijamfukuza mama huyo, wewe mlokole umetoa wapi mamlaka ya kumfukuza?

Sisi wa Kilifi tungepaswa kuwa wa kwanza kuogopa. Mwaka 2023, kule Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kabla ya njaa ile, watu walikuwa wameshaacha shule, hospitali na jamaa zao kwa neno la mhubiri. Anayekuambia leo umkate mama yako, jiulize kesho atakuambia ukate nini.

Na hilo la "hamia kwetu" linanitia aibu. Kumvua mtu samaki kwenye kidonda chake si uinjilisti. Na je, kwenye viti vyetu wenyewe hakuna walioolewa mara ya pili?

Binti yangu, nenda kwa mama kabla ya siku hiyo. Mwambie ana kwa ana, usimtumie ujumbe wa simu: "Mama, kwenye nikaha sitaketi, lakini mimi bado ni mwanao." Mumewe msalimie kwa adabu. Mama akiugua, uwe wa kwanza kufika. Na misa yako usiiache.

Ee Bwana, tuponye na dini isiyo na huruma.

Andika AMINA hapo chini. Lakini kabla ya kuandika, mpigie simu yule mzazi uliyemnunia.