Waliorejea wasiache hadithi zao njiani

WAHENGA walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Msemo huo wanaufahamu vizuri wafanyabiashara wanaovuka mpaka na mizigo yao, na ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Wakiulizwa walichookota njiani, wengi watataja mtaji, lugha na marafiki. Hadithi hawazitaji, nazo zinapotea.

Tumtazame Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka akiwa kijana wa miaka 18, akaenda kuishi Uingereza. Hakuweza kurudi hadi 1984, akapata kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki dunia.

Karibu na mwaka 1990 alisafiri tena Afrika Mashariki kwa utafiti, na matunda yake ni riwaya ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Humo kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa bidhaa hadi bara. Katika misafara ya zamani, hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya chifu. Leo neno hilo lina maana nyingine, lakini mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kamusi kulielewa.

Katika By the Sea ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anashuka Uwanja wa Ndege wa Gatwick na kisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakichukua. Aliyewahi kupekuliwa mzigo wake kituoni anaujua uchungu huo.

Karibu zaidi nasi yupo Scholastique Mukasonga, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1956. Familia yake ilihamishiwa Nyamata mwaka 1960, mwaka 1973 yeye akakimbilia Burundi, na mwaka 1992 akahamia Ufaransa. Jamaa zake wengi waliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Alirudi Rwanda mwaka 2004, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu chake cha kwanza.

Hatusemi kwamba ukimbizi ni neema. Hakuna kati ya hao aliyefunga safari ili apate cha kuandika, na wapo maelfu waliopita njia hizo hizo wasirudi. Tunachosema ni kwamba umbali uliwafanya waikumbuke nchi kwa makini, na kurejea kukawalazimisha kupima kumbukumbu zao na hali waliyoikuta. Kazi hiyo kila aliyerejea anaifanya moyoni, ila haiandiki.

Matokeo yake tunayaona. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, iitwayo Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, yaani miaka 28 baada ya riwaya yenyewe. Hadithi ya misafara yetu ilizunguka dunia kwanza ndipo ikarudi katika lugha ya waliobeba mizigo ile.

Tunatoa wito kwa shule zilizo karibu na mipaka ziwaalike wazee waliorejea wazungumze na wanafunzi, na wanafunzi wayaandike. Wachapishaji nao wasingoje tuzo kutoka ng'ambo ndipo watafsiri. Vitabu vifike katika masoko ya mpakani kama vinavyofika vitenge na sabuni. Na katika kila familia iliyorejea, mwenye kujua kuandika anunue daftari, akae na bibi au babu, aanze na siku waliyoondoka.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aliyerejea ngamani awaeleze watoto alikopita, kabla hawajasimuliwa na mtu mwingine.