LESENI YA DAKTARI NA KIDONDA CHA MFANYA KAZI



Mtu anakatwa vidole na mashine ya miwa huko Muhoroni, au anateleza na kuvunjika mkono katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu. Tajiri anampeleka kwa daktari, daktari anamtibu na kuandika ripoti. Siku ya kudai fidia, kampuni ya bima inasema: ripoti hii hatuitambui, daktari huyu hakuwa na leseni ya mwaka ule. Au inasema: huyu si daktari, ni afisa wa kliniki. Vidole havipo, lakini shauri sasa limekuwa la karatasi.

Sisi hatupingi leseni. Matapeli wapo, na sheria ya kumlinda mgonjwa ni njema. Sheria ya fidia ya mwaka 2007, iitwayo WIBA, inamtambua daktari aliyeandikishwa kwa sheria ya madaktari, na daktari hupaswa kupata leseni mpya kila mwaka. Lakini twauliza: daktari huyo alichaguliwa na nani? Kama ni tajiri aliyemchagua, kwa nini mgonjwa ndiye alipe kosa?

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandika hakuwa na cheti cha mwaka ule. Kesi hiyo ilikuwa ya benki na mawakili, si ya madaktari. Lakini haki iliyoifaa benki, kwa nini isimfae mkata miwa?

Basi twadai hivi: ripoti ikikataliwa kwa ajili ya leseni, tajiri alipie uchunguzi mpya mara moja, na dai liendelee.

Na sisi wenyewe tuamke. Ukiumia, mjulishe tajiri na katibu wa tawi siku ile ile. Uliza jina la daktari na namba yake ya kuandikishwa. Weka nakala ya kila karatasi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini usipokuridhisha, una siku 60 za kuupinga.

Aliyelemaa kabisa ana haki ya mshahara wa miezi 96. Hiyo ni karo ya watoto na chakula cha nyumba. Tusikubali ipotee kwa leseni ya mtu mwingine.