Daftari la Wiki: Pleya ya Santuri kwa Mfuko wa Wastani

Mota ya pleya yangu imekufa, na fundi amethibitisha kwamba kipuri chake hakitengenezwi tena. Ndiyo maana daftari la wiki hii limejaa habari za santuri na mashine za kuzipigia. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu walioachiwa santuri na wazee wao, na ambao hawana fedha za kubahatisha. Msimamo wangu nauweka mbele: mwenye bajeti ndogo aanze kwa kutazama santuri zake, kisha sindano, kisha umeme wa nyumbani kwake. Jina la kampuni lije mwisho.

KASI TATU

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sauti yake ilitiwa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na rahisi kuvunjika. Baadaye zikaja ndogo za mizunguko 45, zilizotamba sana Nairobi miaka ya 1970. Rumba na benga ndefu zilikatwa vipande viwili, kimoja upande huu, cha pili upande wa nyuma. Kisha kuna albamu, za mizunguko 33 na theluthi.

Pleya nyingi mpya za bei ya chini, ikiwemo AT-LP60X ya Audio-Technica, zina kasi za 33 na 45 tu. Mwenye urithi wa 78 akiinunua, taarabu ya bibi yake itabaki bubu kabatini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, panga santuri zako sakafuni na usome lebo zake.

SINDANO MBILI

Kasi ya 78 peke yake haitoshi, kwa kuwa mfereji wa santuri hizo ni mpana. Sindano yake ina ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 76 hivi; ile ya kawaida ya albamu ina 18 hivi. Ukiweka ya albamu kwenye 78, ncha huburuzika chini ya mfereji na kukuletea mikwaruzo mingi kuliko muziki. Ukiweka ya 78 kwenye albamu, unaiharibu albamu.

Hapa ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa. Katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano, za familia ya AT-VM95, kwa mfano, zinakuruhusu kuchomoa sindano na kuchomeka nyingine kwa vidole, na mojawapo ni ya santuri za 78. Kumbuka tu kurekebisha uzito wa mkono kila unapobadilisha, maana sindano ya 78 hutaka uzito mkubwa zaidi.

PLEYA ZA MKOBA

Madukani zimejaa pleya ndogo zinazofungwa kama mkoba, zina spika ndani na rangi za kuvutia. Bei yake inashawishi. Nyingi hutumia katriji ya kauri inayokandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, na hakuna pa kupunguzia. Katriji nzuri ya sumaku kwa albamu hutosheka na gramu 2. Tofauti hiyo inalipwa na santuri, si mashine. Nyimbo nyingi za bendi zetu hazijatolewa tena tangu zilipochapishwa mara ya kwanza, na santuri iliyo mkononi mwako huenda ni miongoni mwa chache zilizosalia. Nasema bila kusita: usiipige juu ya mashine ya namna hiyo.

HEZI, SI VOLTI PEKE YAKE

Mitumba mizuri hutoka Marekani, na watu hununua transfoma wakidhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, lakini haigusi hezi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni hezi 50. Pleya nyingi za zamani za mkanda hufuata hezi za ukutani kupanga mwendo wake. Pleya kama hiyo ikifika kwetu, albamu ya mizunguko 33 itazunguka chini ya 28, na mwimbaji atasikika kama anavutwa usingizini. Nyingine hurekebishika kwa kubadilisha puli ya mota. Muulize fundi kabla ya kulipa. Pleya inayotumia adapta na mota ya umeme wa DC haina shida hiyo.

MKANDA AU MOTA YA MOJA KWA MOJA

Mkanda ni rahisi kubadilisha, lakini joto la pwani hulegeza mpira, basi nunua wa akiba. Mota inayozungusha sahani moja kwa moja haina mkanda wa kuchakaa. Mfano wake mashuhuri ni Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, ikasimamishwa 2010 na kurudi 2016. Bei yake imepanda mno kwa mfuko wa wastani, ila teknolojia hiyo inapatikana kwa gharama nafuu zaidi kwenye AT-LP120X, yenye kasi zote tatu na mkono unaorekebishika uzito.

UKIFIKA SOKONI

Iwe Kenyatta Market jijini Nairobi au kwa muuza mitumba wa mtaani kwako, beba santuri usiyoionea uchungu. Zungusha sahani kwa mkono na usikilize kama inakwaruza. Sogeza mkono wa sindano uone kama unakwama. Hakikisha spika zote mbili zinatoa sauti. Uliza kama sindano yake bado inauzwa. Kama haipatikani, acha. Tazama pia amplifaya yako: kama haina tundu la fono, yaani la pleya ya santuri, unahitaji priampu ya kuikuza sauti kwanza, la sivyo sauti itatoka hafifu na bila besi. Pleya nyingi mpya zinayo ndani. Na ukisikia mngurumo, angalia kwanza waya wa ethi.

UAMUZI WANGU

Mwenye 78 atafute mashine ya kasi tatu, hata kama itambidi asubiri miezi kadhaa zaidi. Mwenye 45 na albamu pekee, AT-LP60X inamtosha, mradi abadilishe sindano inapochakaa. Fedha inayobaki inunue sindano ya akiba na brashi ya vumbi, si spika kubwa zaidi.

Na wewe msomaji ambaye santuri za mzee wako zimelala chini ya kitanda, nakuomba: zitoe leo, zipanguse, zisimamishe wima mahali pakavu pasipopigwa jua. Pleya inaweza kusubiri mshahara ujao. Santuri ikishapinda au kuvunjika, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.